Ratiba ya Kurudi

Kwenda hakuna kazi:
nia ikishashika njia, miguu hufuata.
Mimi nimeajiriwa kupanga kurudi.

Chumba chetu kiko juu ya ghala la vifurushi, stesheni ya Prayagraj,
mji ambao baba hadi leo anauita Ilahabadi.
Dirisha moja, simu tatu,
karatasi ya mirabamiraba ndefu kuliko kitanda.
Nje, ukungu wa Januari umelala juu ya reli
kama mgeni aliyesahau kuaga.

Napiga hesabu.
Treni moja, mabehewa ishirini na mawili,
watu elfu mbili kwa mujibu wa sheria
na elfu mbili wengine kwa kudra ya Mungu.
Daraja la waendao kwa miguu lina upana wa hatua tisa.
Wangapi watavuka kwa dakika, asipoanguka mtu?
Na akianguka mmoja?
Hapo penseli husimama.

Viwanja vya kungojea nimevipa rangi.
Nyekundu, Laknau. Bluu, Varanasi. Njano, Kanpur.
Kijani, wa Banda na Satna.
Wakubwa walitaka herufi.
Nikawaambia: mama yangu alipotea hapa siku tatu,
kila akiulizwa aendako, hujibu, "Nyumbani."
Herufi hakuzijua. Kijani angekijua.

Usiku wa mwezi kufa wakaja.
Walishaoga alfajiri; sasa wote, kwa pamoja,
walitaka kulala makwao.
Wanawake wamefungana pindo za sari, fundo kwa fundo,
mnyororo wa watu kumi na mmoja,
wa mbele akipiga chafya, wa nyuma anayumba.
Vibuyu vya maji ya Ganga, mablanketi,
mtoto amelala juu ya gunia juu ya kichwa cha babake.

Saa tano na dakika arobaini, simu ya kati ikalia.
Dwivedi, bosi wangu:
"Kusumlata, ya Satna imechelewa. Ilete jukwaa la sita, sita ni tupu."
Chini, kijani walikwisha kuambiwa: la pili.
Elfu nne wamekaa, wamevua viatu,
wamefungua chapati.
Tamka "sita" kwenye kipaza sauti,
na daraja la hatua tisa litajaa mguu niponye.
Nikasema, "Treni ingoje."
"Inazuia njia kuu!"
"Izuie. Chuma hakikanyagani."
Akakata simu.
Mkono wangu ulitetemeka hadi chai ikamwagikia Kanpur.

Treni ikangoja dakika hamsini na tatu huko gizani.
Ikaingia la pili, polepole.
Hakuna kilichotokea.
Kazi yangu ndiyo hiyo: hakuna kilichotokea,
na hakuna gazeti linaloandika hivyo.

Ndipo mzee akapanda ngazi zetu, sijui nani alimruhusu.
Baldeo, mkulima wa huko Banda,
kichwa kimenyolewa upya, masikio mekundu kwa baridi.
Mkononi tiketi mbili za kwenda na kurudi.
Moja yake. Moja ya Phulmatia,
aliyekuja ndani ya chungu, kimefungwa kitambaa chekundu,
"na nilimkatia nauli kamili," akasema,
"maana hakuwahi kupanda kitu bure."
Chungu kilibaki mtoni.
"Nafasi yake ya kurudi mpeni mtu mwingine.
Hakupenda kitu kipotee."

Nafasi! Ndani ya ile treni
watu walikuwa wamesimama hadi chooni.
Nikaipokea kwa mikono miwili.
Nikaichukua kalamu, si penseli,
nikaandika kwenye safu ya kijani: nafasi, moja.

Alfajiri wafagiaji walijaza magunia ya ndala,
nyingi za mguu wa kushoto.
Dwivedi alipita mlangoni, hakunitazama,
akaacha mezani kikombe cha udongo, chai bado ya moto.
Mto uko kilomita saba kutoka kiti hiki.
Miezi minane, sijatia hata kidole.